Uzi wa Kwanza

Kizibao kilianza kumgonga Mwajabu kifuani saa tisa na robo alasiri, hata kabla hajafunga kifungo cha mwisho. Kwanza taratibu, pigo moja huku na moja kule, kama matone ya mwanzo kwenye bati. Kisha yakaja makundi kwa makundi. Alishika ukingo wa meza ya vipodozi akacheka peke yake mbele ya kioo.

"Shemboza! Wameanza kuingia!"

"Elfu sita," fundi alijibu kutoka nyuma ya mashine yake, macho hayabanduki kwenye namba. "Moroni wameingia, Bujumbura wameingia, Muscat ndio kwanza wanabandika vifungo. Tulia, Da Mwajabu. Bado hujaona kitu."

Atulie vipi? Miaka miwili iliyopita alikuwa akiimba jikoni kwake Chumbageni, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, na waliomsikiliza wangeenea kwenye mkeka mmoja. Leo ukumbi wa Makorora umejaa hadi milangoni, na huko nje, nchi kumi na moja zinamngoja yeye. Kwa furaha, hata wanja ulimwendea kombo.

Programu iitwayo Mapigo ndiyo iliyomfikisha hapo. Mpenzi wa muziki alipakua programu kwenye simu, akabandika kifungo kidogo chini ya mtulinga, na tangu hapo moyo wake ulisafiri mpaka kwa mwimbaji. Hapakuwa na promota katikati, wala redio, wala mtu wa kuhongwa ili wimbo upigwe. Moyo kwa moyo. Upande wa mwimbaji kulikuwa na kizibao, kilichofumwa kwa nyuzi za mkonge zilizopikwa maabara mpaka zikaweza kupitisha umeme. Mkonge uleule uliowakamua jasho babu zao mashambani, sasa ulileta mapenzi ya watu mpaka mbavuni.

"Hebu nivike nami nionje," alisema Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mwitikiaji wa kikundi, mwanamke wa miaka sabini na moja aliyekuwa nyota wakati Mwajabu bado ananyonya. Hakungoja jibu. Alimvua Mwajabu kizibao kama anayemvua mtoto sare za shule, akajitumbukiza, akafunga kifungo cha katikati. Palepale akapiga ukelele.

"Ebo! Wananitekenya! Niacheni, nyie watu! Nina mume mimi!" Alizunguka chumba kizima akishika mbavu, anacheka mpaka kilemba kikamwanguka.

"Nani kavaa?" Shemboza aliruka kwenye kiti. "Mashine imekufa! Bi Tatu, vua hicho kitu!"

"Kwani nimekiharibu?"

"Hujakiharibu. Kizibao kinamgonga yeyote atakayekivaa, ila mashine haipokei kitu mpaka kikutane na jasho la mwenyewe. Ukivaa wewe, yote yanafutika, mimi huku naona giza tupu. Hata akikivaa tena Da Mwajabu, robo saa nzima inapita kabla hakijamkubali."

"Kina wivu kuliko mwanamume," alisema Bi Tatu, akakirudisha. Kisha akakaa kitako, na kicheko kikampungua usoni. "Lakini mwanangu, mimi nisingekitaka. Nimeimba mipasho miaka arobaini. Aliyeagiza wimbo alinitunza, aliyeimbiwa alikwenda kulia kwake, na mimi nikisema sijamtaja mtu, nilikuwa nasema kweli. Sikuwaona. Ndiyo maana nalala usingizi."

Mwajabu alimbusu kwenye paji la uso, asiyasikie hata nusu ya maneno yale. Raha ikizidi, masikio huziba.

Alikuwa na sababu mbili za kufurahi. Ya kwanza ni wimbo wenyewe, *Kuni Mbichi*, ambao leo ungesikika kwa mara ya kwanza. Uliagizwa ndani ya Mapigo na mama mmoja aitwaye Shuwea, ambaye sasa alikuwa ameketi safu ya mbele na dhahabu zake zote. Shuwea alileta habari za mwanamke fulani asiyejaliwa mtoto lakini anayejifanya hana shida, na Mwajabu akazitia kwenye beti tatu. Hakuuliza mwanamke huyo ni nani. Mtunzi wa mipasho haulizi. Akishauliza, amekuwa mgomvi. Ubeti wa tatu ndio uliokuwa mkali kuliko zote, na ulijulikana na wanakikundi na Shuwea tu.

Sababu ya pili ilikuwa Mama Vitumbua.

Umati ulikuja kifuani kwa pamoja, lakini wapenzi mia moja wa mwanzo kila mmoja alikuwa na uzi wake peke yake. Uzi wa kwanza ulipita ubavu wa kushoto, juu kabisa, na ulikuwa wa mtu aliyejiandikisha kwa jina la Mama Vitumbua. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kubandika kifungo, siku za jikoni na kopo la sukari. Mwajabu hakuwahi kumwona wala hakujua anaishi wapi, maana Mapigo haikuwafichua watu. Lakini aliujua moyo wake. Ulipiga mara tatu, ukasita kidogo, kisha ukaendelea, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji. Mama yake Mwajabu alipofariki, na Mwajabu akaimba siku ya arobaini na sauti ikakatika katikati, watu walijiondokea mmoja mmoja. Uzi wa kwanza haukuondoka. Ulikaa pale ukigonga, tatu na kusita, tatu na kusita, mpaka akamaliza kulia.

Ndiyo sababu yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alimwomba Shemboza zawadi ya leo. Saa kumi na moja kamili, *Kuni Mbichi* ukimalizika, ukuta wa mwanga nyuma ya jukwaa ungewaka na kumwonyesha Mama Vitumbua kwa ulimwengu: picha yake, na mstari wa moyo wake kwa kila ubeti, ulivyopanda na ulivyoshuka, vyote vikitoka kwenye mashine ya fundi. Mama mwenyewe alikwisha gusa neno *Nakubali*, kama tunavyoligusa sote, bila kusoma.

"Atalia kwa furaha," alisema Shemboza.

"Mimi nitaanza," Mwajabu alijibu, akafunga kifungo cha mwisho.

*

Alipopanda jukwaani, ukumbi ulisimama. Fidla zikaingia, kanuni ikadondoa nyuzi zake, ngoma ikashika njia, na kifua chake kikawa soko siku ya mnada. Elfu arobaini! Alihisi Mombasa wakitangulia kidogo kwa sababu wana haraka zao, Muscat wakifuata kwa mwendo wa kistaarabu. Akafungua kinywa.

*Kuni mbichi jikoni, moshi umetutanda,*
*Chungu hakichemki, wageni wamekonda.*

Vigelegele vilipasua paa. Wanawake walinyanyuka na noti mikononi. Mwaka ule wa elfu mbili na sabini na moja, noti za karatasi zilikuwa zimebaki kwenye mambo mawili tu, makumbusho na taarabu, kwani hakuna aliyegundua namna ya kumtunza mwimbaji kwa kugusanisha simu ikapendeza. Shuwea alikuja wa kwanza, mabega yakimcheza, akamwekea noti kwenye kilemba na kuugeukia ukumbi ili wote waone nani mwenye wimbo. Mwajabu alimchekea. Alikuwa amelewa mapigo ya watu.

*Kila masika wapanda, kila vuli wangojea,*
*Shamba lako vilevile, na mche haujamea.*

Elfu arobaini waliruka. Uzi mmoja ukaanguka.

Ulikuwa ubavu wa kushoto, juu kabisa. Tatu na kusita. Kisha kusita kirefu. Kisha mapigo mazito, ya mbalimbali, kama mtu amekaa chini katikati ya ngazi na ndoo imemwagika. Mwajabu alidhani kizibao kimekosea. Aliurudia ubeti, kama desturi ilivyo, na alipofika kwenye *mche haujamea*, uzi ukaanguka tena, pale pale, kwenye neno lile lile.

Ni yeye. Kuni mbichi ni Mama Vitumbua.

Mama huyo angeweza kukibandua kifungo chake na kukitupa, wala hakuna ambaye angejua. Hakukibandua. Alikaa na wimbo ule kama alivyokaa siku ya arobaini.

Wakati huohuo, safu ya nne, mwanamke mmoja alinyanyuka. Alikuwa mnene wa kadiri, wa miaka hamsini na kitu, gauni la kijani na miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alinyoosha noti juu akaanza kucheza kuja mbele, polepole, kwa madaha, kiuno kinaongea chenyewe, tabasamu limefika masikioni. Ukumbi ulipomtambua ukalipuka. Watu wa Makorora si wageni wa mambo haya. Anayepigwa mpasho akabaki kitini ameumia. Akiinuka akatunza, ameurudisha kwa mwenyewe. "Mama! Mama! Waonyeshe!" walipiga kelele, na safu ya mbele uso wa Shuwea ukaanza kukunjamana.

Mwanamke akapanda ngazi. Akamzunguka Mwajabu mara moja, akainua mkono kumchomekea noti kwenye kilemba, na kifundo cha mkono kikagusa shavu la mwimbaji. Mwajabu akahisi mshipa wa damu. Tatu, kusita. Mbavuni, wakati uleule: tatu, kusita.

Uso unacheka, mwili unacheza, na ndani moyo unazama. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini waliomo ukumbini wote walidhani, isipokuwa mmoja aliyevaa kizibao.

"Mama," alinong'ona, "nasimamisha wimbo. Sasa hivi nausimamisha."

"Usithubutu." Mama Vitumbua hakuacha kucheka, midomo yake haikujongea hata kidogo. "Ukisimamisha watajua umenipata. Miaka ishirini nawacheza hawa. Imba, mwanangu."

Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akaendelea kucheza palepale jukwaani, na wapigaji wakaingia kwenye mapumziko ya wimbo. Fidla peke yake, dakika mbili, kabla ya ubeti wa tatu. Mwajabu aliugeuzia ukumbi mgongo kama anayejitengeneza nguo, akainamia kipaza kidogo cha kwenye ukosi.

"Shemboza. Zima ukuta."

"Nini? Da Mwajabu, tumefika elfu sitini! Tunapasua!"

"Mstari wa moyo wa Mama Vitumbua usionekane. Ni yeye anayeimbiwa. Ndiye huyu hapa."

Fidla ililia peke yake.

"Siwezi," alisema fundi sikioni mwake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia kweli. "Ukuta umepangwa kuwaka wenyewe saa kumi na moja, na funguo zake wanazo wadhamini. Na kama ningeweza... Da Mwajabu, hiki ndicho walichokuja kukiona. Ukuta usipowaka leo, Mapigo inarudi jikoni. Mimi na wewe pamoja nayo. Sikiliza. Naweza kukufungia uzi wake tu. Hutamhisi. Uimbe kwa raha zako."

Mwajabu aliutamani. Tusimsingizie utakatifu, aliutamani uzi ule unyamaze kama mtu anavyotamani jino litulie. Ungenyamaza, naye angekuwa Bi Tatu, angeimba ubeti wa tatu, angesema hakumtaja mtu, angelala. Ubeti wenyewe ulikuwa umekaa ncha ya ulimi, mtamu wa kutisha, kazi bora kuliko zote alizowahi kutunga:

*Kitanda umetandika, chandarua umefunga,*
*Mgeni hajakufika, waibembeleza kanga.*

Shuwea alimwambia kwamba alikiona kitanda hicho kwa macho yake, kidogo cha mtoto mchanga, chumbani kwa mwanamke huyo, siku aliyokwenda kumfariji kwa msiba. Mwajabu alipousikia mkasa ule alipiga makofi kwa furaha ya kupata mstari. Sasa aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Ubeti ukiimbwa, Shuwea kesho ataueleza mtaa mzima. Usipoimbwa, na wimbo ukakatika, mtaa mzima utaona leo. Na kwa vyovyote vile, saa kumi na moja ukuta utawaka na kuwaonyesha watu wa nchi kumi na moja mahali hasa moyo wa mama huyu ulipopasuka.

Zilibaki dakika nane. Fidla ilikuwa inashuka, inamwita.

Akamtazama Mama Vitumbua. Bado anacheza, jasho limemtoka kipajini, tabasamu halijatikisika. Nyuma yake Bi Tatu alikuwa kwenye kipaza cha waitikiaji, karibu kiasi cha kuyasikia aliyomwambia fundi, na Bi Tatu hakuwa akimtazama mchezaji huyo. Alikuwa akimtazama Mwajabu kifuani. Kisha bibi yule akajishika mbavu zake mwenyewe kwa mikono miwili, kama alivyofanya kule ndani alipokuwa akitekenywa, na akainua nyusi.

Mwajabu aliikumbuka ile robo saa, karibu apige kelele kwa furaha.

Alifungua kifungo cha kwanza. Ngoma ikasikia kitu, ikapandisha. Akafungua cha pili kwa madaha, bega mbele, bega nyuma, na ukumbi ukaanza kupiga makofi ya mdundo bila kujua unachopigia. Cha tatu.

"Unafanya nini?" Shemboza alilia sikioni. "Da Mwajabu! Usikivue! Usi..."

Akakivua. Kifua chake kikawa kitupu ghafla, na baridi, na kimya. Miaka miwili hajawahi kusimama jukwaani peke yake namna ile. Akamwendea Mama Vitumbua akicheza, akamzunguka mara moja kama alivyozungukwa, akamvika kizibao begani. Mwimbaji anamtunza msikilizaji! Nani aliwahi kuona? Wanawake walipanda juu ya viti. Na wakati kelele zile zinapaa, Mwajabu alifunga kifungo cha katikati.

Mama Vitumbua aliacha kucheza.

Alisimama kimya katikati ya jukwaa, mikono imeshika mbavu, kinywa wazi. Watu elfu sitini walikuwa wakimpiga kifuani, na wote, toka Moroni hadi Muscat, walikuwa wakimrukia yeye. Si mwimbaji, ila yule mama wa gauni la kijani aliyeucheza mpasho wake mwenyewe. Lile tabasamu la miaka ishirini likamwanguka. Chini yake palikuwa na uso mwingine, wa mtu aliyeitwa kwa jina lake na watu wengi kwa wakati mmoja. Machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haja ya kuyaficha, kwa maana ukumbi wote ulikuwa unalia kwa shangwe na hapakuwa na wa kumnyooshea mwingine kidole.

Fidla ikafika. Mwajabu hakuwa na ubeti wa tatu. Alifungua kinywa tu, na ukaja:

*Kuni mbichi msicheke, jana zilikuwa mti,*
*Kivuli chake kipweke, mimi kilinipa kiti.*

Bi Tatu aliudaka ubeti hewani akauitikia kana kwamba wameufanyia mazoezi mwezi mzima. Safu ya mbele, Shuwea alinyanyuka, akafungua kinywa kudai ubeti wake, akatazama kulia na kushoto, akakaa. Angesema nini? Aseme wimbo alimwagizia nani? Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Saa kumi na moja kamili, ukuta wa mwanga uliwaka. Ulikuwa mweusi tii.

*

"Giza tupu," Shemboza alirudia chumbani, ameshika kichwa. "Dakika nzima. Mbele ya wadhamini. Mkataba wetu umekwenda na maji."

"Watu wanasemaje?" aliuliza Bi Tatu, akimenya chungwa.

Fundi alitazama mashine yake kwa hasira. Kisha akatazama tena. "Wanauliza onyesho lijalo atavalishwa nani," alisema taratibu. "Wanadhani tulipanga."

"Basi hatukupanga?" Bi Tatu alimpa pande la chungwa, akamshika mkono akamtoa nje, akaufunga mlango.

Mama Vitumbua alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele ya kioo. Alikikunja kizibao kwenye mapaja yake, pindo kwa pindo, kama inavyokunjwa kanga mpya. Jina lake hasa ni Hidaya, alisema. Nyumba yake haiko mbali. Anakaanga vitumbua asubuhi, na mchana hupumzika na nyimbo.

"Wote wale," alisema. "Kila siku unabeba wote wale?"

"Wewe ulikuwa hapa." Mwajabu aligusa ubavu wa kushoto, juu kabisa. "Peke yako, kabla yao."

Bi Hidaya alivaa miwani yake na kumtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Ubeti wa tatu," alisema. "Shuwea ananijua, mwanangu. Ameingia mpaka chumbani kwangu. Hakuagiza kivuli wala kiti. Ule mwingine ulisemaje?"

Mwajabu alitamani kupiga magoti amwombe radhi. Lakini kuomba radhi ni kuuimba, na kuuimba ni kukitoa kile kitanda kidogo chumbani na kukiweka katikati yao wawili, milele.

"Hakukuwa na mwingine, mama. Huo ndio wimbo."

Bi Hidaya alinyoosha mkono, akamshika Mwajabu kwenye kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, kama wakunga wa zamani. Hakuwa na kifungo, wala uzi, wala mashine. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande.

"Unakwenda mbio," alisema.

"Nimetoka kuimba."

"Ndiyo," alisema Bi Hidaya, "umetoka kuimba." Wala hakumwachia mkono.